Maswali ya Wasomaji: Kutoboa Chuma Kikiwa Moto

Katika toleo lililopita tuliona namna ya kufua patasi kutoka kwenye springi ya gari, na mwishoni nikaahidi kwamba suala la kutoboa tundu kwenye chuma cha moto lingepata siku yake. Barua zenu zimeivuta siku hiyo karibu. Nimechagua tano, baadhi nimezifupisha bila kugusa kiini chake, na majina ya waandishi nimeyaweka kando kama ilivyo desturi ya safu hii.

Kwanza tuelewane juu ya majina, maana katika karakana nyingi za Dar es Salaam kila kitu kinachotoboa huitwa panchi, na ugomvi mwingi wa mafundi huanzia hapo. Katika majibu yangu, panchi ni chombo chenye uso bapa ambacho husukuma chuma pembeni na mwishowe hukata kipande kidogo kikadondoka. Tindo ina makali, nayo hupasua bila kuondoa kitu. Kitanuzi ni chuma kinene katikati na chembamba kwenye ncha zote mbili. Hakitoboi, bali hupita ndani ya tundu lililokwisha kuwapo na kulipa ukubwa na umbo lake.

SWALI: Shikamoo mzee. Ninafanya kazi ya grili na mageti hapa Vingunguti, na mwaka huu nimeanza kujifunza uhunzi jioni baada ya kazi. Nimetengeneza panchi kwa nondo ya milimita 16, ncha nikaichongoa kwa grainda. Nikitoboa chuma cha mraba cha milimita 20, panchi huingia kama nusu kisha hunasa, na nikifanikiwa kuitoa naikuta ncha imepinda au imevimba kama uyoga. Nimebadili nyundo kutoka ya kilo 1 hadi ya kilo 2, na mambo yamezidi kuharibika. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Unakosea mahali pawili, na pa kwanza ni pepesi: nondo haifai kuwa panchi. Chuma chake hakina kaboni ya kutosha kukifanya kiwe kigumu, kwa hiyo kikipata joto hulainika karibu sawa na kile unachokitoboa. Nenda mtaa wa Gerezani, kwa mafundi wa vyuma hapa Dar es Salaam, ukatafute kipande cha springi ya mzunguko ya gari, ukinyooshe kikiwa moto, ukikate kwenye urefu wa sentimita 20 hadi 25 ili mkono wako ukae mbali na joto, kisha uipe ncha mshuko mdogo tu. Na usiichongoe. Ncha ya panchi ya moto huwa bapa kama uso wa sarafu, na kingo zake huwa kali, kwa sababu kingo hizo ndizo zitakazokata mwishoni. Ncha iliyochongoka hutanua chuma bila kukikata, tena kwa wembamba wake hupata moto na kupinda kabla ya sehemu nyingine yoyote.

Kosa la pili ndilo kubwa, nalo haliponywi na nyundo nzito. Chuma chako kinapotoka motoni kikiwa na rangi ya chungwa inayoelekea kwenye manjano, kina joto la nyuzi 1000 za Selsiasi au zaidi, ilhali panchi imetoka mezani ikiwa baridi. Vinapogusana, joto linahama. Kila sekunde ambayo panchi inakaa ndani, yenyewe inapata moto na kulainika, na kuta za tundu zinapoa na kuwa ngumu. Ukiendelea kupiga unafika mahali ambapo ugumu wa vyuma hivyo viwili umekaribiana, na hapo kinachoshindwa ni kile chembamba, yaani ncha yako. Wakati huohuo kuta zinazopoa zinasinyaa, panchi inayopata moto inatanuka, na hiyo ndiyo maana inanasa. Ulipochukua nyundo ya kilo 2 uliongeza tu kasi ya kuota kwa uyoga.

Dawa yake ni kuhesabu. Piga mara tatu au nne, chomoa, chovya ncha majini, rudisha. Nilikaa siku moja nikimtazama fundi mmoja pale Gerezani akitoboa vichwa vya nyundo. Ndoo yake ya maji, ambayo zamani ilikuwa ya rangi ya ukutani, ilikuwa karibu na goti lake la kulia kiasi kwamba hakuhitaji kuitazama: mapigo matatu, mkono unashuka, maji yanalia chwii, mkono unapanda, na panchi imekaa tena katika shimo lilelile kabla mvuke haujaisha. Alifanya hivyo mara tatu au nne kwa moto mmoja, na wekundu ulipoanza kufifia alirudisha chuma kwenye makaa ingawa mimi niliona bado kingevumilia pigo moja zaidi. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, lakini nadhani walikuwa hawajashika panchi.

Baada ya mapigo mawili matatu ya kwanza, chomoa panchi na utazame. Kama shimo limekwenda pembeni, huo ndio wakati pekee wa kulirekebisha, kwa kuilaza panchi kidogo kuelekea upande unaotaka shimo lihamie. Likishapita robo ya kina, halitakusikiliza tena. Ili usianze kwa kubahatisha, weka alama kwa senta panchi, yaani kile chombo kidogo chenye ncha kali cha kuwekea alama, chuma kikiwa bado baridi, tena iwe ya kina, kwa sababu alama nyepesi humezwa na magamba motoni. Ukiisha kuwa na shimo dogo, tia humo unga kidogo wa makaa ya mawe, kiasi cha kushikwa kwa vidole viwili. Unga huo hutoa gesi unapoungua chini ya panchi, na gesi hiyo huisukuma panchi itoke kwa urahisi. Utauona ulimi wa moto ukichomoza pembeni. Unga wa mkaa wa kawaida husaidia, ila kwa uhafifu, maana gesi yake nyingi ilikwisha kutoka kwenye tanuri la mchoma mkaa.

Utajuaje kwamba umefika? Kwa sauti na kwa mkono. Mwanzoni nyundo hutoa sauti nzito, na panchi huzama kwa kila pigo. Kilichobaki chini kikiwa chembamba, kinakuwa kimebanwa kati ya panchi na fuawe, vyote viwili baridi, kwa hiyo kinapoa. Panchi inaanza kurukaruka mkononi, na sauti inakuwa kali. Simama hapo hapo. Geuza chuma, na upande wa pili utaona duara jeusi katikati ya wekundu. Jeusi lile ni mahali ambapo panchi ilikipoza chuma kutoka upande wa juu, na kwako ni alama bora kuliko yoyote ambayo ungeipima kwa rula. Weka panchi juu yake haraka kabla halijafutika, pima kwamba chini pana uwazi wa kupokea, na piga pigo moja au mawili ya uhakika. Kisarafu, yaani kile kipande kidogo kilichokatwa, kitadondoka. Kikitoka chembamba kama sarafu kweli, ulifika vizuri. Kikiwa kinene kama kizibo, uligeuza mapema na umetupa chuma ambacho kingebaki kwenye kuta.

Ikitokea panchi imenasa pamoja na tahadhari zote hizo, usitumbukize vyote majini, kwani kuta zitasinyaa na kuibana zaidi. Rudisha kazi kwenye makaa huku panchi ikiwa juu, nje ya moto. Kuta zikishapata wekundu na kutanuka, bana chuma kwenye jiriwa na uitikise panchi huku na huku. Niliwahi kuharibu kichwa kizima cha shoka la jirani kwa kukosa subira ya dakika tano za namna hiyo.

SWALI: Mimi nina karakana Keko, tunatengeneza miguu ya meza na fremu za vitanda. Nina drili nzuri ya mezani. Kuna sababu gani ya kuhangaika na moto na nyundo wakati drili inatoboa kwa dakika moja?

JIBU: Kama ni tundu la milimita 6 la kupitishia skrubu, hakuna. Tumia drili, ukae na amani.

Sababu zinaanza tundu linapokuwa kubwa kulingana na chuma chenyewe. Chukua mraba wa milimita 20 na tundu la milimita 12. Drili itageuza milimita 12 zote kuwa vumbi, na pembeni zitabaki milimita 4 kila upande. Panchi hupoteza kisarafu tu. Chuma kingine chote kinasukumwa kando, mbavu zinavimba, na mahali penye tundu panakuwa papana kuliko mraba ulipoanza. Ndiyo maana katika grili za kizamani, ambamo fimbo moja hupita ndani ya nyingine, utaona uvimbe kila zinapokutana. Uvimbe ule una kazi, na fundi aliyeuacha alijua anachokifanya. Zaidi ya hayo, drili haitengenezi tundu la yai wala la mraba, na springi ambayo haijalainishwa itakuharibia biti kabla hujafika nusu. Kwa miguu ya meza, hata hivyo, sioni haja ya kuwasha moto.

SWALI: Mzee, mimi ni mchongaji wa vinyago pale Mwenge. Tezo ninayotumia ina mkia unaopenya kwenye kichwa cha mpini, na kila baada ya miezi michache mpini unapasuka kwa sababu mkia unajikita kama kabari. Nataka kufua tezo yenye tundu ambalo mpini utaingia ndani yake, kama nyundo. Nilijaribu kupasua kwa tindo na kutanua, lakini chuma kilichanika kwenye pembe za mpasuo. Nilitumia springi ya lori. Pia sijui nipasue urefu gani ili nipate tundu la mpini wa milimita 25.

JIBU: Barua yako imenifurahisha kuliko zote, kwa sababu inagusa jambo ambalo wahunzi wa bara walilijibu kwa njia nyingine kabisa. Shoka na majembe mengi ya kienyeji yana mkia kama tezo yako, na tundu lipo kwenye mti, si kwenye chuma. Mpini ulitengenezwa kwa gogo lenye kichwa kinene, na tundu likachomwa kwa chuma cha moto. Sikubaliani na wanaosema walifanya hivyo kwa kutojua. Chuma kilikuwa ghali na miti ilikuwa jirani, kwa hiyo ilikuwa busara kuuweka udhaifu kwenye kile ambacho kingebadilishwa kwa asubuhi moja. Kwako wewe hesabu imebadilika: springi ya lori unainunua kwa kilo, lakini mpini mzuri wa mti mgumu unauhangaikia.

Tuanze na mchaniko. Tindo inapopasua huacha pembe mbili kali mwanzoni na mwishoni mwa mpasuo. Unapotanua, nguvu zote za kuvuta zinakusanyika kwenye pembe hizo, kama kitambaa kinavyochanika kuanzia pale mkasi ulipoishia. Chuma laini huweza kukusamehe. Springi haisamehi, hasa ikiwa imeshuka chini ya wekundu ulioiva huku ukiwa bado unapiga kitanuzi. Kwa hiyo acha tindo na utengeneze panchi ya bapa, yaani panchi ambayo uso wake ni mrefu na mwembamba na ncha zake mbili zimeviringwa, mithili ya mbegu ya tikiti iliyokatwa ubavuni. Panchi hiyo hutoa kisarafu chembamba kirefu na kuacha pembe za mviringo, ambazo hutanuka bila kuchanika.

Urefu sasa. Msingi wake ni mzingo: ukingo wa tundu dogo unaoanza nao ndio utakaokuwa ukingo wa tundu kubwa unaloishia nalo, pamoja na kiasi ambacho chuma kitavutika. Tundu la duara la milimita 25 lina mzingo wa takriban milimita 78. Ukipasua kwa tindo, mpasuo una kingo mbili, kwa hiyo bila kuvutika hata kidogo ungehitaji urefu wa milimita 39. Ukitumia panchi ya bapa yenye unene wa milimita 8, urefu wa milimita 35 unakupa karibu mzingo huohuo. Lakini chuma cha moto huvutika, na usipoliweka hilo kwenye hesabu, tundu litakuwa kubwa na mpini utacheza, na tundu lililolegea hutaweza kulipunguza kwa urahisi. Mimi ningeanza na panchi ya urefu wa milimita 30 kwa 8, ambayo mzingo wake ni kama milimita 69, nikaacha kitanuzi kivute milimita 9 zilizobaki. Kwa springi yenye joto la kutosha huo ni mvuto wa kawaida.

Ningekushauri pia usitake tundu la duara. Tezo hugeuka mkononi ikiwa mpini ni wa duara, na mchongaji anajua gharama ya makali yanayogeuka. Fanya kitanuzi cha umbo la yai, na hesabu ya mzingo inabaki ileile. Kitanuzi kipite kutoka juu hadi karibu nusu, kitolewe, kisha kipite kutoka chini hadi nusu. Ukifanya hivyo, katikati ya tundu patabaki pembamba kidogo kuliko midomo yake miwili. Watu wengi hudhani ni kasoro na kuipiga tupa mpaka tundu linyooke. Usiiguse. Mpini ukiingia kutoka upande mmoja na kabari ikapigwa upande wa pili, mti unapanuka juu ya wembamba ule na kichwa hakichomoki tena.

Wakati wa kutanua, kuta za pembeni zitavimba na kupinda. Kitanuzi kikiwa ndani, laza kazi ubavuni juu ya fuawe na ugonge kuta zinyooke, kisha ukitoe upesi. Kitanuzi nacho kinapata moto, na yote niliyomwandikia kijana wa Vingunguti yanakihusu. Angalia rangi ya springi: isipite chungwa iliyong'aa. Ikianza kutoa cheche kama za fataki, chuma chenyewe kinaungua, na sehemu hiyo hakuna wa kuiponya, ikate uitupe. Na toboa tundu kwanza, kabla hujafua ubapa wa makali. Tundu likienda upogo kwenye kipande ambacho bado ni kipande, umepoteza saa moja; likienda upogo kwenye tezo iliyokwisha kupata umbo, umepoteza siku.

SWALI: Ninasoma ufundi wa vyuma katika chuo kimoja hapa jijini. Mkufunzi wetu anasema panchi ya moto ni lazima itiwe ugumu: ipashwe hadi iwe nyekundu, izimishwe majini, kisha ipunguzwe ukali. Nilifuata, panchi yangu ya springi ikapasuka kwenye maji kwa mlio niliousikia. Ya pili sikuitia ugumu, nayo inafanya kazi vizuri tu. Nani yuko sahihi?

JIBU: Kwa panchi ya kazi ya baridi, mkufunzi wako yuko sahihi kuhusu kutia ugumu, ingawa springi huzimishwa kwenye mafuta, maji huipoza kwa kasi inayozidi uvumilivu wake, na ule mlio ulikuwa jibu la swali lako. Ipashwe mpaka sumaku iache kuishika, iongezewe joto kidogo juu ya hapo, izamishwe kwenye mafuta, kisha irudishiwe joto taratibu mpaka rangi ya buluu itokee kwenye chuma kilichosafishwa, ambayo ni karibu nyuzi 300.

Kwa panchi ya moto, jiulize kitu kimoja: ncha iliyorudishiwa joto hadi nyuzi 300 itabaki na ugumu gani baada ya kuzama kwenye chuma cha nyuzi 1000? Kila kinachozidi zile nyuzi 300 kinaufuta ugumu ulioupata, kwa hiyo katika siku ya kwanza ya kazi panchi iliyotiwa ugumu na ile isiyotiwa zitakuwa ndugu. Springi inafaa kwa panchi ya moto kwa sababu hata ikiwa haijazimishwa ina nguvu kuliko chuma laini, na kwa sababu unaipoza kila mara. Kutia ugumu ncha hiyo ni jasho la bure, na sioni aibu kusema hivyo mbele ya mkufunzi.

Vipo vyuma vilivyotengenezwa kwa ajili ya joto, na kinachojulikana zaidi ni H13, chenye kromi ya asilimia 5 hivi pamoja na molibdeni na vanadi. Chuma hicho hubaki kigumu hata kikikaribia kuonyesha wekundu, na hupata ugumu kwa kupoa hewani tu. Kwa sababu hiyohiyo hakipendi maji: panchi ya H13 iliyopata moto ukaichovya inaweza kupasuka, kwa hiyo wanaoitumia huiacha ipoe hewani na huwa na mbili za kupokezana. Hata ya springi, ikiwa umechelewa na ncha imeshakuwa nyekundu, usiichovye. Iweke pembeni ipoe yenyewe. Kuchovya ni kwa panchi ambayo bado ni nyeusi, iliyopata joto lakini haijaiva.

Kichwa cha panchi, pale nyundo inapogonga, kiache laini siku zote. Kitavimba na kuota mashavu, na ni kazi yako kuyaondoa kwa grainda kila yanapoanza kujikunja, kwa sababu mashavu hayo hukatika na kuruka kwa kasi ya kokoto ya manati, na kwa kawaida hupaa kwenye usawa wa macho.

SWALI: Habari za kazi, mzee. Marehemu baba aliniachia karakana ndogo Tabata, nami naiendesha pamoja na vijana wawili. Fuawe yetu ni kipande cha reli, hakina tundu lolote. Tunapotoboa, kisarafu hakina pa kwenda, na panchi inagonga reli. Tulijaribu kuweka chuma juu ya nati mbili kubwa, moja ikatoa moshi mweupe ambao ulimfanya kijana mmoja apate homa usiku. Tufanyeje?

JIBU: Njema, dada yangu, na pole kwa msiba. Nianze na moshi, kwa kuwa una uzito kuliko tundu. Nati ile ilikuwa imepakwa zinki. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, yaani chini ya joto la chuma mnachotoboa, na moshi wake ukivutwa huleta homa, baridi na maumivu ya mwili saa chache baadaye. Kijana akikosa pumzi au homa isipomtoka kwa siku moja, apelekwe hospitali. Kuanzia leo kisiingie motoni wala kukaa karibu na chuma cha moto kitu chochote chenye ule mng'ao wa mabati, hata kama ni kidogo.

Kuhusu pa kutobolea, reli yenu haina kosa. Tafuteni bamba la chuma lenye unene wa milimita 25, ukubwa wa kiganja, mtoboe matundu manne ya vipimo tofauti. Hapa drili ya jirani wa Keko ingewafaa. Kila tundu liwe kubwa kuliko ncha ya panchi kwa milimita 2 au 3 tu. Likiwa kubwa mno, kisarafu hakikatiki bali kinajikunja kuelekea chini na kuacha mdomo uliochanika. Bamba hilo halikai juu ya reli kwa duru ya kwanza. Sehemu ya kwanza ya kazi, mpaka panchi itakapoanza kurukaruka, ifanyikie kwenye reli tupu, kwa sababu chuma kinahitaji ubaridi na ugumu ule chini yake. Mkishageuza na kuliona duara jeusi ndipo mlete bamba, lilazwe ukingoni mwa reli ili tundu litokeze nje na kisarafu kipate njia ya kushuka.

Kijana mmoja ashike chuma kwa koleo, mwingine panchi, na nyundo iwe mkononi mwa mmoja wao tu, yule wa panchi. Anayeshika koleo ndiye mwenye kuona duara jeusi vizuri zaidi, kwa hiyo yeye ndiye aseme "weka", na nyundo isinyanyuliwe kabla ya neno hilo.

Jambo la mwisho ni kile kinachodondoka. Wekeni karai lenye mchanga chini ya ukingo wa reli, na kabla ya pigo la mwisho kila mmoja atazame miguu yake. Kisarafu hutoka chuma kikiwa bado na joto la kuunguza, huweza kugonga ukingo wa karai na kuviringika popote, na nimeona kandambili ya fundi ikitobolewa kwa unadhifu ambao panchi yake ilikuwa imeshindwa kuupata asubuhi nzima.